Konea kwanza, miwani baadaye: mwongozo wa kukagua konea katika kipimo cha kawaida cha macho

Bibi amekuja kliniki kuomba miwani ya kushonea. Chati ameisoma hadi mstari wa 6/18 (akiwa mita 6 anaona kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 18), jicho moja linalengalenga machozi, mwenyewe anasema ni uzee tu. Ukimwandikia miwani ataondoka ameshukuru. Lakini katika maeneo ya ugonjwa wa vikope (trakoma) kama Kongwa, Dodoma, angalia fundo la khanga yake: huenda mna kibano kidogo cha chuma. Anakitumia kung'oa nywele za kope zilizogeukia ndani, na kila unywele anaoukosa unaiparuza konea kila anapopepesa. Hakukwambia kwa sababu hukumuuliza, na hakujua kama hilo lina uhusiano na miwani.

Sisi tunaopima macho, iwe zahanati, kwenye duka la miwani au katika kambi za shuleni, konea tulifundishwa. Tunaikosa kwa sababu foleni ni ndefu na mkono umezoea kukimbilia lenzi za majaribio. Mwongozo huu ni wa kuurudisha mkono nyuma kidogo. Hatua nyingi zinafanyika kwa tochi na macho yako mwenyewe, na ukishazoea hazizidi dakika nne kwa mtu. Kama si mtaalamu bali ni mzazi au mgonjwa, soma pia: utajua cha kudai ukiwa umekaa kwenye kile kiti.

Unatazama nini hasa

Konea ni kioo kilicho mbele ya sehemu ya jicho yenye rangi. Kwa mtu mzima ina upana wa milimita 11 hadi 12, na katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Karibu theluthi mbili ya kazi ya kukunja mwanga ndani ya jicho inafanywa na konea, siyo na lenzi iliyo nyuma ya mboni. Haina mishipa ya damu. Oksijeni inaipata hewani kupitia machozi, na lishe inatoka kwenye maji yaliyo ndani ya jicho.

Kwa mpimaji, hayo yana maana mbili. Mshipa wa damu ukiuona umetambaa ndani ya konea, kuna jambo limeisumbua konea hiyo kwa muda. Na kovu la milimita 2 lililo mbele ya mboni linaharibu kuona kuliko kovu la milimita 5 lililo pembeni, kwa hiyo andika mahali kovu lilipo, usiandike ukubwa peke yake.

Konea ina mishipa ya fahamu mingi kupita kiasi, ndiyo maana punje ya mchanga inamliza mwanamume mzima. Wa kumwogopa zaidi ni yule mwenye kidonda kisichomuuma. Tutamrudia.

Vifaa

Tochi yenye mwanga mkali na mwembamba, lenzi ya kukuzia, chati ya kusomea, kadi nyeusi yenye tundu dogo, rula ya milimita, pamba safi, maji ya chumvi ya hospitali, karatasi za rangi ya fluoresini na taa ya bluu. Ukiwa na ile mashine ya kuweka kidevu na paji, ambayo kliniki tunaiita slitilampu, vizuri sana, lakini kutokuwa nayo kusiwe kisingizio. Ofthalmoskopu, kile kitochi cha kutazamia ndani ya jicho, ukiiweka kwenye lenzi kubwa za kujumlisha inakuwa kikuzio kizuri tu.

Fluoresini nunua ya karatasi. Ya chupa iliyokwisha kufunguliwa ni shamba la bakteria, hasa Pseudomonas, ambaye ndiye mmoja wa wadudu wabaya kabisa kumpandikiza kwenye konea iliyochubuka.

Hatua ya kwanza: maswali

Kabla ya yote, kuna mgonjwa mmoja ambaye hasubiri maswali: aliyeingiwa na chokaa, saruji, asidi, maji ya betri au mate ya swila. Huyo anaoshwa jicho papo hapo kwa maji mengi safi, nusu saa au zaidi, ndipo unamuuliza jina. Chokaa hujificha chini ya kope la juu, kwa hiyo ligeuze kope na ufagie kwa pamba yenye maji, la sivyo unaosha huku jicho linaendelea kuungua.

Kwa wengine wote, uliza kazi wanayofanya. Anayevuna mpunga au mahindi na akapigwa na jani jichoni, fikiria fangasi. Fundi wa kuchomelea, fikiria kibanzi cha chuma au kuungua kwa mwanga. Binti mwenye lenzi za rangi za kubandika, muulize kama analala nazo na kama anaziosha kwa maji ya bomba. Kuna mdudu wa majini aitwaye Acanthamoeba ambaye huingia kwa njia hiyo, na maumivu yake huwa makubwa kuliko unachokiona kwenye konea.

Kisha uliza: "Mmeshatia nini?" Iulize kwa sauti ileile uliyoulizia umri. Majani yaliyosagwa, maziwa ya mama, mkojo, asali, dawa ya jirani: vyote vinatiwa, na ukikunja uso mara moja hutaambiwa ukweli. Uliza pia jina la dawa ya dukani, au akuonyeshe chupa. Kama ina deksamethasoni, prednisoloni au steroidi nyingine (dawa za kutuliza uvimbe), andika kwa herufi kubwa.

Jicho linalowasha na kumfanya mtu alifikiche mara nyingi ni la aleji. Linalouma, linalokimbia mwanga na linaloona ukungu ni la konea mpaka utakapothibitisha vinginevyo.

Hatua ya pili: pima kuona, kisha lete tundu

Kila jicho peke yake, mita 6, hata kama jicho ni jekundu na mtu analalamika. Akishindwa mistari ya chini, mpe kadi yenye tundu. Tundu likisaidia, kwa kawaida ni suala la miwani. Lakini zingatia hili: kama kwa tundu anasoma 6/9, na wewe kwa lenzi zako zote huwezi kumvusha 6/18, basi uso wa konea una mabonde. Kovu jembamba au konea iliyochongoka hufanya hivyo. Ukifika hapo, usiendelee kubadilisha lenzi. Chukua tochi.

Hatua ya tatu: tochi kutoka pembeni

Kosa la kawaida ni kumulika kutoka mbele. Mwanga unaingia kwenye mboni moja kwa moja na konea, kwa kuwa ni kioo, haionekani. Mulika kutoka upande wa sikio, pembe ya kama digrii 45, punguza mwanga wa chumba, na utazame kwa lenzi ya kukuzia.

Anza na kimeto. Konea nzima humetesha tochi kama maji yaliyotulia: nukta moja kali, yenye kingo safi. Sogeza tochi taratibu ili kimeto kitembee konea yote. Kikififia, kikivunjika au kikichafuka mahali fulani, ngozi ya juu ya konea ina tatizo hapo hapo, hata kama huoni doa.

Ukiona doa, swali ni moja: bichi au la zamani? La zamani huwa jeupe, kingo zake zinaeleweka, jicho halina wekundu wala maumivu, na halishiki rangi. Hilo ndilo watu wanaliita chamba. Bichi huwa la kijivu au la manjano, kingo zimevuvia ukungu, jicho limeiva kuzunguka konea. Tazama pia sehemu ya chini nyuma ya konea: usaha ukituama pale kama mwezi mchanga uliolala, huyo mgonjwa hapaswi kulala nyumbani kwake leo bila kuonwa na daktari wa macho.

Kidonda cha fangasi mara nyingi kina kingo zenye manyoya-manyoya, uso mkavu ulioinuka kidogo, na vidoa vidogo vimekizunguka kama vifaranga. Nasema mara nyingi. Kwa macho peke yake tunakosea sana kutofautisha fangasi na bakteria. Jibu liko kwenye kukwangua na kutazama kwa hadubini, kazi ambayo si ya duka la miwani.

Kwa mtoto mchanga, chukua rula. Konea ya mtoto aliyezaliwa ina upana wa karibu milimita 10. Ikifika 12 ndani ya mwaka wa kwanza, hasa kama imepata ukungu na mtoto anafumba macho kwenye mwanga, ni glakoma (presha ya jicho) ya kuzaliwa hadi ithibitike siyo. Wazazi huja wakijivunia mtoto ana macho makubwa mazuri. Ukubwa wa jicho moja kuliko jingine uchunguze hata kama kila mtu anausifia.

Mwisho wa hatua hii, rudi nyuma urefu wa mkono, tazama kwa ofthalmoskopu. Mboni ing'ae rangi ya chungwa. Kovu la konea litaonekana kama kivuli. Mwambie mgonjwa atazame juu: kivuli kilicho kwenye konea kitapanda pamoja na jicho, kilicho nyuma ya lenzi kitashuka.

Hatua ya nne: kope, juu na chini ya pazia

Mwambie afumbe macho polepole kama anayelala, asiyabane. Kama ufa mweupe unabaki, usiku konea yake inakauka. Utaliona hili kwa waliopooza uso na kwa waliougua ukoma.

Kisha nyanyua kope la juu kidogo bila kuligeuza, umulike kutoka chini. Hesabu nywele zinazogusa jicho. Tafuta pia vishina vya zilizong'olewa. Huyo ni bibi wetu wa kibano.

Sasa ligeuze. Mgonjwa atazame chini muda wote, hili ndilo linalofanya kazi iwe nyepesi. Shika nywele za kope kwa vidole viwili, vuta kidogo kuja kwako, weka kijiti cha pamba kama sentimita moja juu ya ukingo, kisha kunja kope juu yake. Kama unashuku jicho limetoboka, usiguse kope kabisa.

Chini ya hilo pazia ndimo mlimo na siri nyingi. Vipele vyeupe 5 au zaidi, kila kimoja angalau nusu milimita, katikati ya kope: kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, huo ni ugonjwa wa vikope ulio hai. Mistari myeupe ya makovu: vikope vya zamani, vinavyokunja kope kuingia ndani. Vinundu vikubwa bapa kama kokoto zilizopangwa, na ute unaovutika kama uzi: aleji kali ya watoto, ambayo kwetu ni ya kila siku. Watoto hao huwa na weupe wa jicho uliogeuka kahawia chafu, na ukingo wa konea umevimba kama jeli. Na wakati mwingine utakuta punje ya mchanga tu. Itoe kwa pamba yenye maji na utapendwa kuliko daktari bingwa.

Hatua ya tano: hisia, kabla ya ganzi

Sokota ncha ya pamba iwe nyembamba kama uzi. Ilete kutoka pembeni asiione, gusa konea, siyo weupe wa jicho. Atapepesa kwa nguvu. Fanya jicho la pili ulinganishe. Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ukishatia tone la ganzi umeipoteza.

Konea isiyohisi inaelekeza kwenye virusi vya herpesi, mkanda wa jeshi, ukoma, au kisukari cha muda mrefu. Mwenye mkanda wa jeshi usoni mtazame ncha ya pua: vipele vikiwa pale, uwezekano wa jicho kuingiliwa ni mkubwa. Na akiwa kijana, mshauri kwa upole apime virusi vya ukimwi.

Hatua ya sita: rangi

Lowesha karatasi ya fluoresini kwa tone moja la maji ya chumvi, gusa ndani ya kope la chini, apepese, washa taa ya bluu. Lenzi za kubandika zitolewe kwanza, zinashika rangi. Pale ngozi ya konea ilipokosekana patang'aa kijani.

Michirizi ya wima juu ya konea: kuna kitu chini ya kope la juu, ligeuze tena. Nukta nyingi theluthi ya chini: ukavu au jicho lisilofumba. Tawi la mti lenye vifundo kwenye ncha: herpesi, na hapo steroidi ni sumu. Eneo la kijani lenye ukungu mweupe chini yake: kidonda. Lisilo na ukungu: mchubuko. Rangi ikionekana inatiririka na kuoshwa kama kijito kutoka sehemu moja, maji ya ndani ya jicho yanavuja. Acha kila kitu, funika kwa kinga ngumu isiyogusa jicho, usipake mafuta, msafirishe.

Keratokonasi, inayopita chini ya pua zetu

Hapa nitakaa kidogo, maana mimi mwenyewe imenipita. Kijana wa sekondari, mara ya pili katika mwaka mmoja anarudi kulalamika miwani haifai. Niliongeza lenzi ya astigimatizimu (konea kupinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine), nikazungusha mhimili wake, nikampa nyingine. Sikujiuliza kwa nini konea ya mtu wa miaka 16 inabadilika hivyo. Aliyejiuliza ni mwenzangu, mara ya tatu.

Keratokonasi ni konea kuwa nyembamba na kuchongoka mbele kama pia ya kuchezea. Huanza zaidi balehe, na huwapenda wanaofikicha macho, wakiwamo wale watoto wa aleji. Dalili za mpimaji ni hizi: astigimatizimu inayopanda kila mwaka, mhimili usiotulia, na mwanga wa retinoskopu (chombo cha kumulika mboni ili kupima nguvu ya miwani) unaofunga na kufungua kama mkasi badala ya kwenda kama mstari. Kwa ofthalmoskopu utaona kivuli cha duara katikati, mfano wa tone la mafuta kwenye maji. Simama nyuma ya mgonjwa, atazame chini: kope la chini likichongoka kama herufi V, ugonjwa umeshakwenda mbali.

Huna mashine ya kuchora konea? Chukua kadibodi ya duara, chora duru nyeusi na nyeupe zinazozungukana, toboa tundu katikati uchungulie. Ni wazo la karne ya 19 la Mreno Antonio Plácido, na bado linafanya kazi. Kwenye konea nzima duru zinaakisi zikiwa za mviringo. Kwenye iliyochongoka zinabanana upande wa chini na kuwa kama yai. Keratokonasi ya mwanzo kabisa itakuponyoka, lakini iliyofika kati haitakuponyoka.

Ikigunduliwa mapema, kuna tiba ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno inayokaza nyuzi za konea. Hairudishi kilichopotea, inazuia kuendelea. Ndiyo maana mwaka mmoja wa kubadilisha miwani ni hasara kubwa. Na aleji itibiwe, mtoto aache kufikicha, hata kama mama yake ameshachoka kumwambia.

Vinavyotuchanganya

Mtoto wa jicho na chamba: mulika pembeni. Weupe wa mtoto wa jicho umo ndani ya mboni, nyuma ya sehemu yenye rangi. Chamba kipo mbele na kinaweza kuifunika rangi hiyo. Duara jeupe-kijivu ukingoni mwa konea ya mzee ni la umri, usimtishe. Akiwa chini ya miaka 40, mpime mafuta ya damu.

Nyama ya jicho, ile pembetatu inayotambaa kutoka upande wa pua, mara nyingi ni matokeo ya jua na vumbi. Lakini kama imeinuka kama jeli, ina utando mweupe juu, au ina mishipa minene inayoilisha, inaweza kuwa saratani ya uso wa jicho, ambayo Afrika Mashariki inahusishwa sana na virusi vya ukimwi. Hiyo ikatwe na ipelekwe maabara.

Ufanye nini leo, kabla hajaondoka

Mchubuko safi: mafuta ya kloramfenikoli 1%, mara 3 kwa siku kwa siku 3, na umwone kesho. Katika utafiti wa Bhaktapur, Nepal, uliochapishwa 2001, waliotibiwa hivyo ndani ya saa 18 tangu kuumia walipona bila kidonda. Kwa hiyo usimwambie mkulima "subiri uone".

Kidonda: dawa ya matone ya antibiotiki, kwa mfano siprofloksasini 0.3%, kila saa, na rufaa siku hiyo hiyo. Usifunge jicho kwa bandeji. Usimpe steroidi. Usimpe chupa ya ganzi aende nayo nyumbani hata akikulilia. Inamwondolea maumivu na kuiozesha konea. Natamisini ya matone ya fangasi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017, lakini kuipata ni shughuli, hivyo piga simu hospitali ya rufaa uulize kabla hujamtuma mtu safari ya siku nzima.

Mtoto aliyetoka kuugua surua au mwenye utapiamlo, anayejikwaa jua likizama, mwenye mabaka kama povu kwenye weupe wa jicho au konea iliyokauka: vitamini A sasa hivi, kesho tena, na tena baada ya wiki 2. Kila dozi ni IU 200,000 kwa aliyetimiza mwaka, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 50,000 kwa mdogo zaidi. Konea inaweza kuyeyuka kwa siku chache, hivyo dozi ya kwanza aimeze mbele yako.

Kichanga mwenye matongo mengi ya usaha siku za kwanza: kisonono kinaweza kutoboa konea haraka mno. Ni dharura ya hospitali, na wazazi wote wawili watibiwe.

Barua ya rufaa isiseme "jicho jekundu". Chora duara, weka doa mahali pake kama saa ya ukutani, andika urefu na upana kwa milimita, umbali kutoka katikati, kama linashika rangi, kama kuna usaha ndani, hisia ikoje, anaona kiasi gani, alitiwa nini na lini. Piga picha kwa simu ukimulika pembeni, akikubali. Kisha mpe nakala ya mchoro abaki nayo, kwa sababu barua hupotea, na atakayempokea atataka kujua kama kidonda kilikuwa milimita 2 jana au 4.